Kona Iliyoachwa Wazi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Februari mwaka huu tulimzika Mama Deo katika makaburi ya misheni kule Mlali. Hakuwa ndugu yangu wa damu, wala sikuwa wa kanisa lao. Wakati wa misa nilikaa nje kwenye benchi pamoja na majirani wengine wa Kiislamu, nikisikiliza nyimbo zikitoka madirishani. Baada ya kuzika tulirudi nyumbani kwake kula. Wazee walitandikiwa mikeka uani, na vijana wakaenda kukaa juu ya baraza ya mbao iliyo nyuma ya nyumba, ile inayotazama mlima. Mbao zake zimepauka, zimekuwa na rangi ya jivu, lakini hakuna iliyooza. Niliinama nikapitisha kiganja juu ya moja, kama nilivyokuwa nikifanya zamani kutafuta vibanzi, na haikunichoma. Deo, mwanawe wa pekee, ambaye sasa ndevu zake zina mvi, alikuja akasimama karibu yangu na sahani mkononi.

"Dada Mwanaidi," akasema, "jambo hili nimetaka kukuuliza miaka yote. Kona ile mbona hamkuimalizia? Mbao ziliwaishia?"

"Hazikutuishia."

Akangoja. Nikamwambia wali wake unapoa.

Baraza ile ilipaswa kuwa na pembe nne zilizonyooka. Ya upande wa mlimani imekatwa ikaingia ndani, ikaacha kipande cha ardhi tupu chenye ukubwa wa mkeka wa kusalia. Mgeni akiiona hudhani fundi alikosea vipimo, na mjomba wangu Kibwana, aliyekuwa fundi mkuu wa kazi ile, alikubali kudhaniwa hivyo mpaka alipofariki. Mzee Pius, baba yake Deo, alitangulia kabla yake. Maganga, fundi mwenzetu, alirudi kwao Tabora na sijasikia habari zake tena. Sasa Mama Deo naye ameondoka, nimebaki mimi. Hakuna aliyeniapisha nisiseme. Niliambiwa tu, na kwa namna nilivyoambiwa nilijua kuwa si la kupeleka kwa mwanaume. Lakini niliporudi nyumbani kutoka mazikoni nilikaa siku nyingi na swali la Deo, na nikaona kwamba jambo lililokuwa likiogopwa halina tena wa kumdhuru. Kwa hiyo naandika. Akisoma, na asome.

Mwaka ule nilikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani, mpaka mjomba aliponichukua katika karakana yake ya useremala Kihonda. Mama yangu aliponikabidhi kwake alisema tu, "Huyu ni wako," na kwetu sisi Waluguru neno hilo linatosha, kwa kuwa mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine. Kazi yangu ilikuwa msasa. Mjomba na Maganga walipiga randa, mimi nikafuata nyuma nikilainisha mpaka mbao ziwe kama shavu. Wateja wakinikuta pale walidhani nimeleta chakula. Maganga aliwajibu, "Huyu hajui kupika, ndiyo maana tumempa kazi." Alikuwa Mnyamwezi, mtani wetu, na hakuna siku iliyopita bila kututukana kwa upendo. Alisema Mluguru akishushwa tambarare anatafuta jiwe la kushikilia asianguke. Nami nilimjibu kwamba Mnyamwezi akiuona mzigo wa mtu moyo unamdunda, anatamani kuubeba mpaka pwani. Mjomba hakuingilia. Utani ni haki ya mtani, na asiyetaniwa hana mtu wa kumzika.

Mzee Pius alikuja karakana asubuhi moja na picha ndani ya bahasha. Alikuwa karani mstaafu wa mashamba ya katani, mrefu, mwenye kofia ya pama aliyoivua akiingia mahali na kuivaa tena akitoka. Mwanawe Deo alikuwa dereva wa magari ya wageni katika hoteli ya watalii kule Arusha, na picha ilitoka huko: sakafu ya mbao ngumu, imeinuliwa juu ya nguzo fupi, katikati ya bustani, haina ukuta wala paa, viti viwili juu yake na mlima mbele. Deo alitaka wazazi wake wapate kama ile, wakae jioni wapunge upepo.

Mjomba aliigeuza picha huku na huku. "Hii ni baraza, lakini nyumba yake iko wapi?"

"Haina nyumba," alisema Mzee Pius. "Ndivyo ilivyo."

"Sakafu peke yake."

"Sakafu peke yake."

Maganga alichungulia juu ya bega la mjomba. "Mzee, hilo ni jukwaa la kwaya. Mtoto anataka muimbe."

Mzee Pius alicheka mpaka akakohoa. Walikubaliana mninga kwa sakafu na mkongo kwa nguzo, maana mkongo hauliwi na mchwa kirahisi, na miguu ya nguzo ipakwe oili chafu kabla ya kuingia ardhini. Tulitumia majuma kadhaa kuandaa mbao palepale Kihonda. Mninga ukikatwa mpya una vumbi jekundu linaloingia puani na kwenye ushungi. Nilikuwa nikioga na maji yanatoka kama ya matofali. Mjomba hakutaka mbao zigusane zikipigiliwa. Alisema mvua lazima ipate pa kupita, na aliweka msumari mnene kati ya ubao na ubao kupima mwanya. Hatukuwahi kutengeneza kitu kama kile, na nadhani alikuwa akiogopa, kwa sababu alinyamaza kuliko kawaida.

Mlali tulikaa kwa wenyeji wetu mpaka kazi iishe. Mjomba na Maganga walilala katika stoo ya mazao. Mimi nilipewa chumba kidogo kilichopakana na chumba cha wenye nyumba, chenye magunia ya maharage na vitunguu vilivyoning'inizwa kwa mashina. Kuta hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo maneno yalipita kama moshi. Nilijua Mzee Pius anasali rozari kwa sauti na Mama Deo anaitikia akiwa ameanza kusinzia. Nilijua wanaongea habari za Deo kila siku: barabara za huko, magari ya watalii yanavyokimbizwa, kama anakula. Mama Deo alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, na sauti yake haikupanda hata akimfukuza mbuzi kwenye karoti. Asubuhi alitupa magimbi ya kuchemsha na chai ya tangawizi, mchana ugali na maharage mabichi yaliyoungwa kwa karanga. Alinipakulia mimi kwanza, kabla ya wanaume, na Maganga alilalamika mpaka akazoea.

Siku ya kwanza Mzee Pius alitupeleka nyuma ya nyumba. Bustani yote ilikuwa imelimwa: maharage, kabichi, njegere kwenye vijiti, hadi chini ya mfenesi palikuwa na magimbi. Isipokuwa sehemu moja iliyoinuka kidogo, upande wa mlimani. Pale palifagiliwa, hapakuwa hata na magugu.

"Jukwaa letu likae hapa," alisema. "Hapa hapaoti kitu. Tangu nistaafu namwona mke wangu anapaacha, udongo wake mbaya."

Mama Deo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na ungo wake. Nilimwona anafungua mdomo. Kisha akarudi ndani.

Mjomba alipigilia vigingi vinne, akavuta uzi, akaniambia nishike ncha moja ya mpira wa maji tupime usawa. Kigingi cha nne kiliangukia juu ya pale palipofagiliwa, karibu katikati yake. Asubuhi iliyofuata hakikuwepo. Kilikuwa kimelazwa vizuri kando ya njegere, na uzi umekunjwa juu yake. Mjomba alidhani ni mbuzi. Maganga alisema hajawahi kuona mbuzi anayekunja uzi. Walikipigilia tena, na kesho yake kikawa kimelala palepale kando ya njegere. Tukaendelea na nguzo za pembe tatu nyingine tukiiacha ile, lakini kazi ilianza kuwa na ubaridi. Jua pale huchelewa kwa sababu ya mlima. Saa mbili asubuhi bustani bado imo kivulini na ukungu unateremka kwenye makorongo bila sauti. Nilijikuta sitaki kukipa mgongo kipande kile cha ardhi. Hata Maganga aliacha kuimba.

Alfajiri moja nilitoka kuchota maji nikamkuta Mama Deo pale. Alikuwa amepiga magoti, ameshika kigingi kwa mikono miwili, anakitikisa taratibu kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Hakushtuka. Alimaliza, akakilaza, akakunja uzi, akasimama akijipangusa magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda. "Mwanaidi, ulishawekwa ndani ukachezwa?"

Nilimwambia ndiyo. Nilikuwa nimeshatolewa mwali, na ngoma yangu ilichezwa kwetu kama ilivyo ada.

"Basi njoo tumenye magimbi."

Jikoni alinipa kisu, akaanza kumenya, na akasema bila kuinua macho. Kabla ya Deo alizaa mtoto mwingine. Mzee Pius alikuwa mashambani Kimamba wakati ule, anakuja mwisho wa mwezi. Mtoto aliishi kidogo, hakufikia siku ya kutolewa nje, hakufikia maji ya ubatizo. Mtoto wa namna hiyo hana msiba. Hapigiwi kengele, hakaliwi matanga, wanaume hawamwoni wala hawaambiwi alipolazwa. Mama mzazi wa Mama Deo na bibi yake ndio waliomchukua.

"Mimi nilikuwa chumbani, siruhusiwi kutoka," alisema. "Nilisikia jembe. Baadaye sana mama akanionyesha kwa mguu. Hakunyoosha kidole. Alipita tu, akagusa kwa mguu, akaendelea kwenda kuchuma mboga."

Nilimuuliza kama Mzee Pius hajui kabisa.

"Aliambiwa mtoto hakukaa. Mwanaume haulizi zaidi ya hapo. Na baba akiambiwa mahali, mtoto anayefuata hakai. Deo akaja, akakaa. Ni huyo mmoja. Sasa yuko kwenye magari huko." Akakata gimbi vipande viwili. "Unadhani nitasema leo?"

Nilielewa kwamba ameniambia ili nifanye kitu, na sikujua nifanye nini. Nilikwenda kwa mjomba nikamwambia tuisogeze baraza kidogo upande wa mfenesi, kuna kivuli kizuri. Aliniuliza tangu lini nimekuwa injinia. Nikamwambia mninga utapasuka ukikaa juani. Akasema mfenesi utaudondoshea matunda na utomvu, na hilo lilikuwa kweli. Maganga alisema, "Mwacheni, Mluguru ameona mahali pako wazi anatafuta jiwe." Sikumjibu. Alinitazama, akashangaa kwamba sikumjibu.

Mchana ule, tukiwa tumezunguka ugali, Mzee Pius aliweka tonge chini akasema amelifikiria jambo hili.

"Kuna kitu kimefukiwa pale."

Akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba.

"Udongo hauoti kitu, kigingi hakikai. Mtu alituonea wivu siku nyingi akatufukia dude lake. Ndiyo maana tumebaki na mmoja tu." Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayeeleza habari za mvua. "Sitamwita mganga, padri hatapenda. Kesho tuchimbe sote, tupachimbue mpaka tukione, tukichome moto. Kisha nguzo ikae."

Mjomba alisema kama mwenye mahali ameamua, yeye hana neno. Aliamini, nilimwona usoni. Kwa watu wetu kitu kilichofukiwa hutafutwa kwa jembe, na kikipatikana huchomwa hata kama hakijulikani ni nini. Nilimtazama Mama Deo. Alikuwa akimwongezea mumewe maharage. Aliongeza, akaongeza tena, mpaka mchuzi ukamwagika pembeni mwa sahani, na Mzee Pius akaushika mkono wake akasema, "Yatosha, Mama Deo."

Jioni nilisikia rozari kupitia ukutani. Mzee Pius alisali, na hakukuwa na wa kuitikia. Aliisali yote peke yake. Nililala nikifikiria kwenda kwa mjomba na kumwambia, na kila nilipofika kwenye neno la kwanza nilimwona Deo, ambaye nilikuwa sijamwona hata kwa sura, katika gari linaloteremka mlima. Leo nina watoto wakubwa, na mmoja nilimkosa mapema, na bado sijui kama niliamini mwiko ule au niliamini woga wa yule mama. Nadhani kwa aliyekuwa akiubeba havikuwa vitu viwili.

Asubuhi wanaume walitoka na majembe kabla jua halijavuka mlima. Mjomba alibeba sururu. Walipofika nyuma ya nyumba Mama Deo alikuwa ameshafika. Alikuwa ametandika mkeka juu ya pale palipofagiliwa, amekaa, amenyoosha miguu, kanga ameivuta kichwani mpaka usoni. Hakuwa na ungo wala mboga ya kuchambua. Mikono yake ilikuwa mitupu mapajani.

"Mama Deo," alisema Mzee Pius, "inuka. Tuna kazi hapo."

Hakuinuka.

"Mama Deo. Wageni wanangoja."

Nilikuwa nimeshika kipande cha msasa. Nilikiweka chini, nikavua kandambili, nikaenda nikakaa kando yake. Nilinyoosha miguu kama yeye. Sikujua kama nafanya sawa, lakini mwili ulijua. Nilikuwa nimekaa hivyo kwenye misiba mingi tangu utotoni. Ubaridi wa ardhi ulipita kwenye mkeka. Mama Deo hakunitazama, ila alisogea kunipa nafasi.

Mjomba aliniita kwa jina langu, kwa sauti ambayo siku nyingine ingeniinua. Nilibaki nimekaa. Mzee Pius alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alikasirika kidogo, na zaidi alichanganyikiwa. Alikuwa mtu aliyezoea mambo kuelezwa.

Aliyeelewa wa kwanza ni Maganga. Alilegeza mkono, jembe likashuka. Nilingoja atie neno lake, na nadhani sote tulilingoja. Badala yake alilaza jembe kwenye nyasi, akaenda kwenye rundo la kuni, akachukua magogo mawili manene na vijiti, akayaweka katikati ya ua, akawasha moto. Kisha akaingia jikoni bila kuomba ruhusa, akatoka na sufuria kubwa, akatia maji, akaiteleka motoni. Akasimama kando, amefumbata mikono, kama mtani anavyosimama kwa watani wake siku walipofiwa. Huo ndio wajibu wake. Hangojei kuambiwa nani amekufa.

Mzee Pius aliutazama moto. Akautazama mkeka, akamtazama mkewe aliyejifunika, na ile ardhi iliyofagiliwa kuzunguka mkeka. Niliona habari inavyomfikia. Haikuja yote mara moja. Alianza kutikisa kichwa kukataa, kisha akaacha. Mkono wake ulipanda ukaivua kofia. Palikuwa na mbao za mninga zilizopangwa tayari kwa kazi. Alikaa juu yake, upande wa wanaume, na mjomba akaweka sururu chini, akaja akakaa karibu naye bila kuuliza.

Tulikaa hivyo mpaka jua likavuka mlima na kutupiga usoni. Kuku waliingia kwenye njegere na hakuna aliyewafukuza. Mzee Pius alizungusha kofia mikononi. Mwishowe alisema, akiwa ameinamia chini, hakumwelekea mtu yeyote, "Sikujua hata kama alikuwa wa kike au wa kiume."

Hakuna mwanaume wa kumjibu, na mwanamke haruhusiwi. Mama Deo aliondoa kanga usoni. Alinigeukia mimi. Alinitazama mimi tu, akasema kwa sauti ile ile ya kila siku, ya kutosha kusikika mpaka kwenye mbao:

"Mwanaidi, mwanangu alikuwa wa kike. Nilimwita Tekla."

"Ndiyo, mama," nilisema.

Maganga alitia majani ya chai kwenye maji. Alimimina kikombe cha kwanza akampelekea mwenye msiba, yaani Mzee Pius. Mzee Pius alikishika, akakitazama, akasimama. Mwanaume hakanyagi mkeka wa wanawake msibani. Alivua viatu vyake, akakanyaga, akachuchumaa mbele ya mkewe, akampa kikombe kwa mikono miwili. Mama Deo alikipokea. Chai ilikuwa ya moto sana. Alikiweka kwenye mkeka kati yao ipoe, na Mzee Pius akabaki amechuchumaa palepale, akingoja naye.